Dafina na Amana: Mawe ya Mbinguni katika Ardhi ya Songwe

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia siku moja na neno la Kiingereza, akanitaka nimpe Kiswahili chake. Neno lenyewe ni jiokeshi, jina la mchezo ambao wageni huucheza wakitembea na simu mkononi. Mtu huficha kisanduku pahala fulani, chini ya mzizi wa mti, katika ufa wa ukuta wa kale au kando ya njia ya ufukweni yenye mandhari ya kupendeza. Kisha hutangaza tarakimu za latitudo na longitudo za pahala hapo, na mwengine asiyemjua wala kumwona akazifuata tarakimu hizo mpaka akakifikia. Ndani ya kisanduku hukuta daftari la kutia jina lake na vijikorokoro viwili vitatu. Akipenda huchukua kimoja, lakini sharti aache kingine, chenye thamani ile ile au zaidi.

Mfasiri hupimwa kwa maneno madogo kama haya. Nilifikiri kwanza juu ya hazina, lakini hazina ni mali iliyowekwa ndani na mwenyewe, naye anajua ilipo na ufunguo anao. Nikafikiri juu ya dafina, na hili lilikaribia zaidi, maana dafina ni mali iliyofukiwa ardhini, aliyeifukia ameshakwenda zake, na aliyeifukua huiita yake. Lakini kuna neno la tatu ambalo watu wa pwani tumelelewa nalo, nalo ni amana. Amana pia yaweza kuwa imefichwa, na pengine hata majirani hawaijui. Tafauti yake ni kwamba ina mwenyewe, na kila anayeigusa huingia deni. Nilimwambia yule kijana auite mchezo wake mchezo wa dafina, akashukuru akaenda zake. Mimi nilibaki na maneno yangu matatu, na kadiri nilivyoyapima ndivyo yalivyonivuta mbali na bahari, mpaka Tunduma na mkoa wa Songwe. Sijui pahala pengine katika nchi yetu ambapo maneno haya yamegongana kwa nguvu kama pale.

Kwanza niutaje mchezo wenyewe, kwani nao una tarehe yake. Tangu mwaka 1854, katika nyika za Dartmoor kusini-magharibi ya Uingereza, kiongozi wa wasafiri aliyeitwa James Perrott aliacha chupa penye kinamasi cha Cranmere, ili kila afikaye aache kadi yake. Huo ndio mzizi wa mbali. Mzizi wa karibu ni wa Mei 2000. Mwanzoni mwa mwezi huo serikali ya Marekani iliondoa hitilafu iliyokuwa ikitiwa makusudi katika mawimbi ya setilaiti za GPS, na raia wa kawaida, aliyekuwa akikosea pahala kwa kiasi cha mita mia moja, akaanza kukosea kwa mita kumi au ishirini tu. Tarehe 3 Mei mtu mmoja wa jimbo la Oregon, Dave Ulmer, akafukia ndoo msituni na kutangaza tarakimu zake. Hii leo visanduku vimepita milioni tatu duniani. Kanuni aliyoiweka Ulmer siku ile ya kwanza haikubadilika: chukua kitu, acha kitu.

Kanuni hiyo si ngeni kwetu. Nani asiyekumbuka vitendawili vya jioni barazani? Mmoja huita, wengine humwambia tega. Wakishindwa kufumbua, mtegaji hatoi jibu bure, bali husema nipe mji. Hupewa Mombasa akaukataa, akapewa Makka akaridhika, ndipo akafumbua. Bibi zetu walikuwa wakitufunza jambo zito kwa njia ya mchezo, kwamba maarifa yana mwenyewe, na asiyejua hutoa kitu kabla ya kujuzwa.

Sasa tuingie Songwe. Mkoa huu ni mchanga kwa jina, kwani ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na makao makuu yake yakawa Vwawa. Jina lake ni la mito, nayo mito ya Songwe ni miwili. Mmoja humwaga maji yake Ziwa Nyasa na ndio mpaka na Malawi, na wa pili huelekea upande wa pili kabisa, ukaingia Ziwa Rukwa. Bahari hawana, ila pwani wanayo, nayo ni ya Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea, lenye maji ya magadi yasiyo na kina kirefu. Ziwa hilo hupanuka na kusinyaa kwa kadiri ya mvua. Njia ya ufukweni mwaka huu yaweza kuwa majini mwaka ujao. Mcheza dafina akificha kisanduku chake huko, tarakimu zitabaki pale pale na ufuko utamkimbia.

Tunduma ndio mlango wa mkoa huo na wa nchi. Upande wa pili wa njia ni Nakonde, Zambia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inavuka hapo. Barabara kuu nayo inavuka hapo, na malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni ndefu. Mwaka 2019 kikafunguliwa kituo cha pamoja, ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mbili. Lakini ni nani aliyeuweka mlango pale? Hapo ndipo sisi watu wa visiwani tunapoingia katika kisa hiki, pengine bila ya wenyewe kujua.

Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba ambao katika vitabu vyetu hutajwa kwa jambo moja tu: Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza, nayo ikapata kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Sayyid Ali bin Said alikuwa amekalia kiti kwa miezi michache tu. Lakini karatasi ile ile iliyotugawa sisi ndiyo iliyoigawa nchi ya kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mkataba ulisema mpaka upande Mto Songwe mpaka unapokatana na longitudo ya nyuzi 33, kisha uufuate mto hadi karibu na ukingo wa bonde la Kongo, uuandame ukingo huo mpaka longitudo ya nyuzi 32, na kutoka hapo unyooke kuufikia Mto Kalambo. Walioandika hayo walikuwa na ramani yenye mapengo, kalamu na wino. Walitaja tarakimu za pahala ambapo hawakupata kufika, wakawaachia wengine kazi ya kupatafuta.

Waliotumwa kupatafuta walifika mwaka 1898. Upande wa Uingereza walikuwapo Kapteni Boileau na Bwana Wallace, na upande wa Ujerumani Kapteni Herrmann, Luteni Glauning na mwanafalaki Kohlschütter. Hawakuwa na setilaiti. Walikuwa na nyota, saa na vyombo vya kupimia pembe, wakasogea kutoka kilima hadi kilima, wakisimika alama za mipaka katika ukingo unaogawa maji ya Kongo na maji ya Rukwa. Mapatano ya mwisho yalitiwa saini Februari 1901. Nikiutazama mchezo wa vijana wa leo, namna wanavyozifuata tarakimu mpaka mguu ukanyage pale penyewe, naona kwamba watu wa Songwe waliujua zamani sana, isipokuwa wao hawakuwa wachezaji. Wanyamwanga walilala nchi moja, wakaamka wako mbili. Wasakaji walichukua nchi nzima, na wakaacha alama za mawe.

Kitendawili hiki kilikuwa kinyume cha vile vya barazani. Asiyejua ndiye aliyepewa mji.

Mlango huo ulipitiwa tena na msafara mwengine, katika siku za mwisho za Vita Vikuu vya Kwanza. Mwishoni mwa Oktoba 1918 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, akiwa na mabaki ya jeshi lake la askari, wapagazi, wanawake na watoto, alipita nchi ya Mbozi akielekea kusini-magharibi. Siku za mwanzo za Novemba akakishambulia kituo cha Waingereza cha Fife, ng'ambo ya mpaka na si mbali na Tunduma, kisha akaendelea na safari. Tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya Ulaya kuacha kupigana, akaweka silaha chini mjini Abercorn, ambao sasa ni Mbala. Msafara ule na mfano wake ndio uliozaa imani iliyoenea Tanzania bara kote, kwamba Wajerumani walifukia mali na kuweka alama kwenye miti na majabali ili warudi kuichukua. Sarafu za dhahabu zilikuwako kweli. Mwaka 1916, mjini Tabora, walipiga sarafu 16,198 za rupia kumi na tano kwa dhahabu ya Sekenke. Kutoka ukweli huo mdogo imeota ndoto kubwa. Hadi leo wako watu wanaochimba usiku pembeni ya maboma na makaburi ya zamani, na wako wauzao ramani za uongo kwa wenye tamaa. Hiyo ndiyo dafina kwa maana yake kamili, kitu cha mtu aliyekwenda, kinachotafutwa na mtu asiyeuliza.

Lakini dafina kubwa ya Songwe haikufukiwa na Mjerumani, wala haikuwa ya siri kwa kila mtu. Msafiri akitoka Mbeya kwenda Tunduma, akachepuka njia kuu huko Mbozi kuelekea kijiji cha Ndolezi, penye mteremko wa kilima cha Marengi, atakuta pande la chuma lenye urefu wa kiasi cha mita tatu na kimo cha mita moja, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Ni mojawapo ya vimondo vikubwa kabisa duniani. Asilimia tisini ya mwili wake ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Hapana shimo lililochimbwa na kuanguka kwake, wala hapana masimulizi ya wazee yanayoueleza usiku wa kuanguka kwake, na kwa hivyo wataalamu hudhani kwamba lilishuka zamani mno, maelfu ya miaka iliyopita.

Vitabu husema jiwe hili liligunduliwa Oktoba 1930 na mpima ardhi kutoka Johannesburg aliyeitwa William Nott. Mimi ni mtu wa maneno, na neno hilo la kugundua linanikwaa. Wenyeji walikuwa nalo kwa karne nyingi. Kwao lilikuwa jiwe la heshima na mwiko, na inasimuliwa kwamba hawakupenda kulitaja mbele ya wageni. Tena Wanyiha wa nchi hiyo walikuwa wayeyushaji wa chuma, wenye matanuri yao ya udongo, wakifua majembe na mikuki kwa chuma walichokitoa katika udongo wa nchi kwa moto na jasho. Watu hao, waliojua thamani ya chuma kuliko yeyote, waliishi kando ya tani 16 za chuma kilichokwisha iva, na jiwe likabaki jiwe. Kwa lugha gani basi tuseme kwamba halikuwa limegunduliwa? Nott alichokifanya ni kuifahamisha dunia iliyo nje ya Mbozi. Jiwe lilikuwa amana, likahesabiwa dafina.

Kilichofuata kilikuwa cha kawaida. Kabla mwaka haujaisha, wataalamu wa jiolojia wa serikali ya kikoloni walikuja na msumeno, wakakata kipande kwa uchunguzi. Wageni wengine nao wakaja kwa zamu yao, na hata leo mwenye macho huona ile ncha iliyochongoka imejaa makovu ya waliobanja kumbukumbu ya safari. Chuma kile ni kigumu, na ugumu wake ndio uliokiokoa. Udongo ulichimbwa pembeni yake, na jiwe likawekewa msingi wa saruji chini, ndivyo linavyoonekana sasa. Mwaka 1967 liliandikwa rasmi kuwa kumbukumbu ya taifa, na katika miaka ya karibuni Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro imekabidhiwa ulezi wake.

Yapo mawe ya namna hii yaliyopata bahati mbaya zaidi. Huko Greenland, Wainuiti walikuwa na kimondo cha chuma walichokimega vipande kufanyia visu na ncha za vyusa. Mwaka 1897 mpelelezi wa Kimarekani Robert Peary alilipakia melini pande lake kubwa, la tani 31, na baadaye likauzwa kwa makumbusho ya New York kwa dola 40,000. Liko huko hadi leo. La Mbozi lilibaki nyumbani, na hili ni jambo la kushukuru.

Hapa nakumbuka ile ramani ya 1890. Longitudo ya nyuzi 33, waliyoitaja mabwana wa Berlin kuwa kipimo chao juu ya Mto Songwe, ukiifuata kuelekea kaskazini hupita kilomita chache tu magharibi ya jiwe hili. Walichora mstari karibu na moja ya maajabu ya dunia, na miaka arubaini ikapita kabla wenzao hawajajua. Tarakimu zilikuwako, ila hapakuwa na aliyewaambia.

Sisi wa pwani tumezoea kuliona neno kimondo mbinguni. Tumefunzwa tangu chuoni kwamba nyota zile zitimkazo usiku ni vinga wanavyofukuziwa mashetani wanaosikiliza kwa wizi habari za mbinguni. Na ndani ya msahafu iko sura nzima iliyopewa jina la Chuma, inayotaja kuwa chuma kiliteremshwa. Sina elimu ya tafsiri, wala sitaki kuifanya aya kuwa hati ya jiolojia. Nasema tu kwamba mtu aliyelelewa na fikra hizo akisimama mbele ya jiwe la Mbozi, haoni shida kuelewa kwa nini wazee wa Kinyiha walinyamaza. Jambo lililotoka juu halipigiwi mbiu sokoni.

Na Mola hakuupa mkoa huo jiwe moja. Tukishuka upande wa Rukwa, katika wilaya ya Momba, tunafika Ivuna. Hapo pana chemchemi za chumvi, na wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen waliofukua pahala hapo waliandika mwaka 1968 kwamba watu walikuwa wakipika chumvi kiasi cha karne ya 13 hadi ya 15, zama ambazo Kilwa ilikuwa ikijenga misikiti yake ya mawe. Waliacha malundo ya vigae vya vyungu, mifupa ya ng'ombe na makaburi yao. Chumvi iliyeyuka katika vyakula vya watu wasiojulikana, na vigae vikabaki kuwa ndio daftari lao.

Jioni ya tarehe 16 Disemba 1938, karibu na Ivuna hiyo hiyo, kilianguka kimondo cha namna nyengine kabisa. Kiliachwa kiasi cha gramu 705 tu zilizookotwa, uzito usiofika kilo moja ya sukari. Hakikuwa chuma. Kilikuwa jiwe jeusi, laini, lenye maji yaliyofungika ndani ya madini yake. Vimondo vya aina yake vilivyoonekana vikianguka, dunia nzima, havizidi vidole vya mkono mmoja. Wanasayansi wanavithamini kupita dhahabu kwa sababu, ukiziacha hewa nyepesi, mchanganyiko wake unalingana na ule wa jua lenyewe, kana kwamba ni unga uliobaki baada ya jua na sayari kukandwa. Kundi zima la vimondo hivyo limepewa herufi ya I, na herufi hiyo ni ya Ivuna. Disemba 2020 chombo cha Wajapani kilirejesha duniani gramu tano na kitu za vumbi la sayari ndogo ya Ryugu, na mwaka 2022 wachunguzi wakatangaza kwamba vumbi hilo ni la jamii ya Ivuna. Jina la kijiji cha Momba hutamkwa katika maabara za Tokyo, London na Houston na watu ambao pengine hawajapata kuitazama Tunduma kwenye ramani.

Sasa nairudia kanuni ya mchezo: chukua kitu, acha kitu. Songwe ilitoa mpaka, ikatoa vipande vya chuma cha mbinguni, ikatoa gramu za jiwe linalofanana na jua. Imeachiwa nini? Sitaki kuwalaumu wageni peke yao, kwani lawama ni mkeka wetu sote. Ni skuli ngapi zetu zinazomfunza mtoto kwamba herufi ile ya I ni Ivuna? Sisi washairi, tunaoringa kwa mizani nane za utenzi na mizani za shairi, nani kati yetu ameliimba jiwe la Mbozi kama tunavyoimba ngalawa na mwezi?

Kuna tawi moja la mchezo wa jiokeshi, lililoanzishwa mwaka 2004 na Chama cha Jiolojia cha Marekani, ambalo halifichi kisanduku chochote. Mtembezi hupewa tarakimu za mwamba au chemchemi, akifika huulizwa swali ambalo hawezi kulijibu mpaka atazame na afikiri, na haruhusiwi kuondoka na hata punje. Zawadi yake ni kujua. Nimelipenda tawi hili, kwani limekaribia kitendawili. Ila bado lina upungufu mmoja, nao ni kwamba swali linatoka kwa mgeni. Ningependa wazee wa Ndolezi na wa Ivuna ndio wawe watega swali. Mgeni afike, aulizwe kwa Kinyiha au kwa Kiswahili, ashindwe, aambiwe nipe mji. Na mji wake uwe kitabu kwa skuli ya pale, au walau nakala ya kila kilichoandikwa katika maabara za mbali juu ya jiwe lililotoka hapo, iliyofasiriwa katika lugha inayosomeka hapo. Kazi hiyo ya mwisho ni ya watu kama mimi, na nakiri kwamba bado hatujaianza.

Yule kijana akirudi nitamrekebishia. Mchezo wa simu na auite wa dafina, hapana ubaya. Lakini kilichoko Songwe nitamwambia ni amana, na nitampa ubeti huu auweke katika kisanduku chochote atakachokifungua, badala ya kile atakachokichukua:

Jiwe lipo mlimani, wenyewe walilitunza,
Ewe mgeni njiani, si wewe uliyeanza,
Ukitwaa mkononi, acha jema la kufunza,
Amana si ya fukoni, kuirejesha ni kwanza.